MPAKA WA NDUGU YAKO USIUSOGEZE

Somo la wiki hii: Kumbukumbu la Torati 2:1-9, Mwanzo 13:5-12, Wagalatia 6:2



Ukishuka Kariokor kununua kiondo ama kula nyama choma, umewahi kujiuliza hilo jina lilitoka wapi? Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wabebaji mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wazee wetu walilitamka walivyoweza, likabaki hivyo.

Vita hiyo ilikuwa na mizizi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani, zikishindania Afrika Mashariki, zilichora mstari kutoka mto Umba kule pwani, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini hadi Ziwa Victoria. Huku wa Mwingereza, kule wa Mjerumani. Sultani Barghash wa Zanzibar aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10, akaletewa mapatano yakiwa yameshapikwa. Mmaasai na Mdigo hawakuulizwa kitu, na mpaka ukapita katikati yao. Mwaka 1890 wakubwa hao wakafanya biashara tena: Mjerumani akaachia Witu na madai yake Uganda, akapata kisiwa cha Heligoland huko Ulaya.

Je, mstari huo ulileta amani? Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta. Ndipo wanaume wa huku wakakusanywa, wengi kwa lazima, wabebe chakula na risasi za vita isiyo yao. Makumi ya maelfu walikufa, na magonjwa na njaa viliua wengi kuliko risasi. Wakubwa waligombana, lakini mgongo uliobeba ulikuwa wa mnyonge.

Sasa tazama njia ya Mungu. Abramu alikuwa mkubwa kwa Lutu, na angeweza kuchagua kwanza. Wachungaji wao walipogombana, alimwachia kijana achague. Miaka mingi baadaye, Israeli wakiwa taifa linalotafuta mahali pa kukaa, Mungu aliwakataza kuwachokoza wana wa Esau. Hata pa kukanyaga mguu hakuwapa huko Seiri. Moabu nayo? Hiyo pia waiache, kwa sababu amewapa wana wa Lutu. Umeona? Mungu aliyewaahidi Israeli nchi ndiye aliyelinda mpaka wa jirani yao. Ahadi yako haimfuti ndugu yako.

Wapendwa, hii si historia tu. Wakati wa siasa tunasikia ati mtaa fulani ni ngome ya fulani, wengine wahame. Kijana anapewa mia mbili na jiwe. Kesho mheshimiwa anakunywa chai na yule mpinzani wake, na mama anamuuguza mtoto wake aliyevunjwa mkono. Huyo kijana amekuwa mbebaji wa Kariokor mara ya pili.

Na hapa kanisani je? Tusidanganyane. Ushirika wa nyumbani wa ploti hii unanung'unika kwamba ule mwingine umechukua watu wake. "Washirika wangu," tunasema. Wako tangu lini? Yesu ndiye aliyewanunua kwa damu. Ukiona mzozo kama huo, fanya kama Abramu: wewe uliye mkubwa, anza kuachilia.

Paulo anatufundisha kuchukuliana mizigo. Mzigo wa kubeba uko: kodi ya mjane, karo ya yatima, mgonjwa aliye peke yake. Mgongo wako uwe wa hiyo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Kwa nini Abramu hakuogopa kupoteza alipomwachia Lutu achague?
2. Ni mpaka gani wa ndugu yako umeusogeza: kazini, kwa ploti, ama katika huduma?
3. Kuna kijana gani mtaani mwenu wa kuzungumza naye kabla siasa haijamfikia?

Tuombe: Baba, utupe kuridhika na fungu letu, na utufundishe kulinda la jirani. Kwa jina la Yesu. Amina.