KISWAHILI KATIKA CHUMBA CHA DAKTARI: UTATA WA MANENO NA USALAMA WA MGONJWA

Utangulizi

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii humlenga anayenyamaza. Hata hivyo, yupo pia mgonjwa asemaye lakini asieleweke, na madhara huweza kuwa yale yale. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Kwa wengi lugha hiyo ni Kiswahili. Makala haya yanadhihirisha kwamba kuzungumza Kiswahili pekee hakutoshi; sharti utata wa baadhi ya maneno uondolewe.

Utata wa kileksia

Neno "homa" katika Kiswahili sanifu humaanisha joto la mwili lililozidi kiasi. Katika mazungumzo ya Wakenya wengi, neno hilo hilo hutumiwa kwa mafua. "Mguu" nao huanzia pajani hadi vidoleni. Anayelalamikia mguu hajataja goti, muundi wala kifundo. Vivyo hivyo, "moyo unaniuma" huweza kuwa maumivu ya kifua au huzuni. Mgonjwa anayeonyesha mahali kwa kidole humwokolea daktari muda mwingi.

Utata wa wakati

Hapa ndipo penye hatari zaidi. Tarakimu 8 katika karatasi ya miadi huweza kumaanisha saa mbili asubuhi, ilhali msomaji akafika saa nane mchana. Aidha, agizo "meza kila saa nane" huweza kueleweka kuwa kidonge humezwa saa nane ya mchana, kumbe daktari alikusudia mara tatu katika saa 24. "Kutwa mara tatu" nako kuna walakini, kwa kuwa kutwa ni mchana mzima. Mgonjwa huweza kumaliza vidonge vyote kabla ya jua kutua. Agizo lililo wazi hutaja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku.

Adabu na ukimya

Tasfida huhifadhi heshima, lakini "tumbo linanisumbua" halitofautishi kuhara, kufunga choo na maumivu ya hedhi. Hali kadhalika, jibu "ndiyo, daktari" mara nyingi ni la adabu tu. Linganisha:

"Umeelewa, mama?"
"Ndiyo, daktari."

na

"Mama, ukifika nyumbani utazimeza vipi dawa hizi?"

Swali la pili humfanya mgonjwa arudie agizo kwa maneno yake, na kosa hugunduliwa kabla hajaondoka. Mgonjwa naye anaweza kurudia bila kuombwa. Kuuliza si ujinga.

Hitimisho

Mgonjwa anashauriwa ataje mahali panapouma, siku maumivu yalipoanza, ukali wake, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Mhudumu naye ataje saa kwa ukamilifu na kuhakikisha ameeleweka. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, polisemia na tasfida zisibaki kuwa mada za mtihani. Nje ya darasa, maana moja ikikosewa, mtu hukosa dawa au huzidisha kipimo chake.