Asali, Sukari na Meno ya Mtoto

Mkoa wa Tabora unasifika kwa asali ya misitu ya miombo. Mzazi wa Ng'ambo, mjini Tabora, aweza kudhani kwamba asali haiozeshi meno kama sukari ya dukani. Je, ni kweli?

Kinywani huishi bakteria wengi. Mmojawapo, Streptococcus mutans, hutoa vimeng'enya viitwavyo glukosiltransferasi. Hivi huivunja sukrosi, yaani sukari ya kawaida, na kuiunganisha glukosi yake kuwa gundi inayowanatisha bakteria juu ya jino. Utando huo ndio ukoga. Vimeng'enya vingine, vilivyomo ndani ya seli, hugeuza sukari kuwa asidi laktiki. pH ya ukoga ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Mate huiondoa asidi hiyo polepole. Mtoto akilambalamba vitamu kila mara, mate hayapati nafasi.

Asali ina sukrosi kidogo, hivyo malighafi ya gundi ni haba. Lakini glukosi na fruktosi zilizojaa humo hugeuzwa kuwa asidi vilevile. Hatari huzidi usiku, kwa kuwa mate hupungua usingizini, na enameli ya meno ya utoto ni nyembamba.

Kwa hiyo mtoto asilambishwe asali wala asipewe chupa ya chai ya sukari wakati wa kulala. Apigishwe mswaki kwa dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku, tangu jino la kwanza lichomoze.

Zoezi: Kwa nini peremende zinazofyonzwa kutwa hudhuru meno kuliko kiasi hichohicho kinacholiwa kwa mara moja?