Watoto Wavutwa na Nani?

Wazazi wengi huupima mchezo wa televisheni kwa kuhesabu maovu yaonekanayo ndani yake: ulevi, wizi, bunduki. Kipimo hicho hakitoshi. Yatupasa kuuliza pia: mchezo huu wawavuta watoto wampende nani?

Tutwae mfano wa Good Times, mchezo wa kuchekesha ulioonyeshwa Marekani na shirika la CBS tangu mwaka 1974 hata 1979. Wasimulia maisha ya jamaa ya Evans, watu weusi maskini wa mjini Chicago. Ukosefu wa kazi na magenge ya vijana havikufichwa. Lakini baba na mama walisimama imara. Esther Rolle, aliyeigiza mama, ndiye aliyeshikilia kwamba jamaa hiyo lazima iwe na baba.

Baadaye kicheko kilimgeukia J.J., mtoto wa kwanza, hodari wa mizaha. Mwaka 1975 Rolle alilalamika hadharani kwamba kijana asiye na kazi wala elimu ni mfano mbaya kwa watoto. Mwaka 1976 baba akaondolewa mchezoni. Mwaka 1977 Rolle mwenyewe akajitoa, akarudi mwaka 1978. Mji ulikuwa ule ule na umaskini ule ule. Aliyeshangiliwa ndiye aliyebadilika.

Basi, wazazi, ketini mtazame pamoja na watoto. Mchezo ukiisha, waulizeni: “Mwapenda kufanana na nani?” Jibu lao litawaonyesha kama wafaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na siku hizi televisheni nayo yalea.