SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAZI: GESI YA KIYOYOZI HAIISHI KWA KUTUMIKA

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Mamba, Mkoani Katavi, wanalifahamu vyema joto la Bonde la Rukwa, hasa katika miezi ya Septemba na Oktoba kabla ya mvua kuanza. Katika ofisi na nyumba zenye viyoyozi, huo ndio wakati ambapo lalamiko moja husikika mara kwa mara: "Kiyoyozi hakipozi, gesi imekwisha." Fundi huitwa, aghalabu kutoka mjini Mpanda, gesi huongezwa na malipo hufanywa. Baada ya miezi michache lalamiko lile lile hurudi. Somo hili linaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, hatari zilizomo, na utaratibu unaostahili kufuatwa.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hubeba joto la chumbani na kulitupa nje. Mbebaji wa joto hilo ni gesi iliyofungiwa ndani ya mabomba. Katika koili ya ndani gesi hiyo, ikiwa katika hali ya kimiminika, huchemka na kunyonya joto la chumba, kompresa huikandamiza, na katika koili ya nje hurudi kuwa kimiminika huku ikilitoa joto hilo. Mitambo mingine, hasa itumikayo katika nchi za baridi, huweza kugeuza mzunguko huu na kukitia chumba joto. Kanuni ni ile ile.

Gesi hiyo huzunguka bila kupungua. Haiunguzwi kama petroli katika injini, wala haichakai kama mafuta ya gari. Mtambo uliofungwa vizuri huweza kutumia gesi ile ile kwa umri wake wote. Kwa hiyo, gesi ikipungua, pana tundu. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kumimina maji katika mtungi uliotoboka.

Hasara haiishii kwenye fedha za gesi. Kompresa hutegemea gesi inayorudi ili ipoe, na pia ili irudishiwe mafuta yake. Gesi ikiwa pungufu, kompresa hupata joto kupita kiasi na hatimaye huungua. Katika pwani na visiwani, chumvi ya bahari hula koili za nje na kuzitoboa. Bara, vumbi huziba koili na vichujio. Ndiyo maana kabla ya kuilaumu gesi, mwenye chombo aoshe kwanza kichujio, kwani kichujio kichafu nacho hupunguza baridi na huweza kugandisha barafu kwenye koili. Alama ya mafuta kwenye maungio ya mabomba, kwa upande mwingine, ni dalili ya uvujaji.

Hatari zilizomo

Gesi za viyoyozi hukaa chini ya shinikizo kubwa. R-22 huchemka katika nyuzi 41 chini ya sifuri za Selsiasi. Ikirukia ngozi au jicho hugandisha mwili papo hapo. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo lipatalo mara moja na nusu ya lile la R-22 au zaidi, hivyo geji na mipira ya gesi moja si lazima ifae kwa nyingine. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Zikivuja katika chumba kilichofungwa, hutanda chini na kuiondoa hewa ya kupumua. R-22 ikikutana na mwali wa kuchomelea huzaa gesi za sumu, mojawapo ikiwa fosijeni. R-32 huweza kuwaka, na R-290, ambayo ni propani, huwaka kwa wepesi mkubwa.

Wapo wanaojaza gesi ya kupikia katika kiyoyozi kilichotengenezwa kwa ajili ya R-22, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi. Jambo hilo ni la kuepukwa kabisa. Swichi na viunganishi vya umeme vya kiyoyozi hicho havikuundwa kukaa karibu na gesi iwakayo, na cheche moja yatosha kuunguza nyumba.

Wajibu kwa mazingira

Tanzania iliridhia Itifaki ya Montreal mwaka 1993, inayolinda tabaka la ozoni, ngao ya viumbe dhidi ya miali hatari ya jua. Kwa utaratibu wa Itifaki hiyo, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya kundi la gesi lenye R-22 kwa asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 upunguzaji utafikia asilimia 97.5, na kiasi kidogo kitakachobaki, ambacho ni kwa ajili ya matengenezo, kitakoma mwaka 2040. Mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana pia kupunguza gesi kama R-410A, ambazo haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. Kilo moja ya R-410A ikiachwa hewani huongeza joto hilo sawa na kilo zipatazo 2,000 za hewa ya ukaa.

Kwa hiyo kuifungulia gesi hewani ni kosa dhidi ya afya na mazingira, na ni upotevu wa mali inayozidi kuadimika.

Utaratibu wa matengenezo

Kazi hii ni ya fundi aliyefunzwa ufundi wa majokofu na viyoyozi, kama ufundishwavyo katika vyuo vya VETA. Hata hivyo, mwenye nyumba au ofisa anayesimamia kazi anapaswa kujua hatua zifuatazo:

(a) Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na kapasita isiguswe kabla ya kuondolewa chaji yake. Milango na madirisha yafunguliwe. Sigara na majiko yasiwepo karibu. Fundi avae miwani na glavu.

(b) Kibandiko cha mtambo kisomwe ili kujua aina ya gesi na uzito wake. Gesi za aina mbili zisichanganywe.

(c) Tundu litafutwe kwa povu la sabuni au kwa kifaa maalumu.

(d) Kabla ya kuchomelea, gesi yote ivutwe kwa mashine ya kuikusanyia na kuwekwa katika mtungi wake. Mtungi usijazwe zaidi ya asilimia 80, wala usiachwe juani.

(e) Baada ya tundu kuzibwa, mabomba yajaribiwe kwa nitrojeni kavu kupitia kidhibiti shinikizo. Oksijeni isitumiwe kamwe: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo hulipuka, na inaweza kuua.

(f) Hewa na unyevu vitolewe kwa pampu hadi geji ionyeshe mikroni 500 au pungufu. Kisha pampu ifungwe, na geji itazamwe kama itatulia.

(g) Gesi mpya ipimwe kwa mizani kulingana na kibandiko, si kwa kugusa bomba kwa mkono.

Baada ya kazi, tarehe, mahali palipozibwa, na uzito wa gesi iliyotolewa na iliyotiwa viandikwe katika daftari la mtambo. Daftari hilo humsaidia ofisa anayepokea kazi kutambua mtambo unaotiwa gesi kila mwaka bila tundu kutafutwa.

Watumishi na wakazi wanakumbushwa kumwuliza fundi swali moja kabla ya malipo: "Tundu lilikuwa wapi?" Fundi aliyeliona ataonyesha mahali alipoliziba. Asipoweza, kazi haijakwisha, na si vyema kuilipia kana kwamba imekwisha.