SOMO LA UFUNDI: SAA YA MIZUNGUKO INAPODANGANYA

Ndugu wafanyakazi, injini ya gari la kazi ikivunjika, wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Huambiwa ameipiga resi kupita kiasi, na pengine mshahara wake hukatwa. Lakini katika gari kuukuu takometa, yaani saa ya mizunguko ya injini, yaweza kuonyesha 5,000 kumbe injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Leo tujifunze kuipima bila kununua chombo chochote.

Katika magari mengi ya zamani ya petroli, saa hii huhesabu mapigo ya umeme wa koili. Injini ya kawaida ya silinda 4 hutoa cheche 2 kwa kila mzunguko. Ya silinda 6 hutoa 3. Basi saa ya silinda 4 ikifungwa kwenye gari la silinda 6 (na sisi hufunga kinachopatikana!) itaonyesha mara moja na nusu ya ukweli.

Tunahitaji chaki na taa ya tyubu ya zamani, ile yenye choki nzito. Umeme wa nchi zetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, hivyo taa hiyo hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Taa za LED na tyubu za kisasa mara nyingi hazifai kwa kazi hii.

Injini ikiwa imezimwa, piga mstari mmoja wa chaki kwenye puli ya krenki, si ya jenereta. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, milango ya gereji iwe wazi kabisa, maana moshi wa gari huua. Usiku, chini ya taa hiyo peke yake, washa injini na uongeze mafuta polepole. Mistari ikisimama, ihesabu. Ikiwa 6, injini iko kwenye 1,000. Ikiwa 5, ni 1,200. Ikiwa 4, ni 1,500. Ikiwa 3, ni 2,000. Ikiwa 2, ni 3,000. Anza chini na upande kwa utaratibu, kwani mistari 5 huonekana tena kwenye 2,400 na unaweza kukosea. Mwenzako aliyeketi kwenye usukani aandike saa inasema nini kila mara.

Hapa tunasisitiza: puli inayoonekana imesimama HAIJASIMAMA. Usiiguse, na funga mikono ya shati. Hata kiwandani mashine ya kukereza yaweza kuonekana imetulia chini ya tyubu, ikakata vidole. Ndiyo maana taa za karakana hugawanywa kwenye fezi tofauti, na tuna haki ya kuuliza kama zetu zimegawanywa.

Saa ikizidisha kwa kiasi kilekile kila mahali, huenda ni ya injini nyingine. Sindano ikirukaruka, kagua kwanza waya wa koili na waya wa ethi. Ikianza kupotoka kidogo kidogo kwa miaka, huenda kapasita ya ndani imechoka. Baadhi zina skrubu ndogo ya kurekebisha. Weka alama ilipo kabla ya kuigeuza.

Kama haitengenezeki, andika hesabu zote mbili na tarehe, bandika nakala moja kwenye dashibodi, na nyingine mkabidhi msimamizi mbele ya mwakilishi wa chama.