Mdahalo wa Urais Runingani: Mtazamaji Huamuaje Mshindi?

Soma swali hili, kisha ufunike ukurasa na uandike mambo yote yanayokujia akilini kwa dakika tano.

Swali: "Mshindi wa mdahalo wa urais ni yule aliye na hoja nzito." Jadili. (Alama 20)

Ikiwa umeikubali kauli hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, hujapotoka, ila umeandika kile ambacho karibu kila mtahiniwa mwenzako ataandika. Neno "jadili" linakutaka uzipime pande zote mbili kisha uonyeshe msimamo wako. Mada hii ina pande mbili kwelikweli.

Anza na unachokijua. Katika mdahalo wa shuleni kuna mwenyekiti, katibu na mtunza saa. Wasemaji wa pande mbili wakimaliza, darasa hupiga kura na mwenyekiti hutangaza upande ulioshinda. Mdahalo wa urais hauna tangazo hilo. Msimamizi huwashukuru wagombea, taa za ukumbini huzimwa, na kila sebule, kila hoteli na kila kituo cha bodaboda hutoa uamuzi wake. Kwa hivyo "mshindi" hapa ni jina linalotolewa na watazamaji, na unapaswa kujiuliza wanalitoa kwa kigezo gani.

Kile macho yanachokiona

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Tarehe 26 Septemba 1960, John Kennedy na Richard Nixon walikutana katika studio moja jijini Chicago, nao watu wapatao milioni 70 wakawatazama. Nixon alikuwa ametoka hospitalini majuma machache kabla kwa sababu ya ugonjwa wa goti. Alikuwa amekonda, anatoka jasho, na suti yake ya kijivu ilikaribia kufanana na ukuta uliokuwa nyuma yake. Runinga za wakati huo zilionyesha picha nyeusi na nyeupe, hivyo suti nyeusi ya Kennedy ilimtenga vizuri na ukuta huo. Katika isimu jamii mambo haya huitwa viziada lugha: mkao, ishara za mikono, uso, macho, kupanda na kushuka kwa sauti. Mtazamaji huyasoma hata kabla hajaelewa hoja.

Tahadhari hapa. Vitabu vingi husimulia kwamba waliosikiliza redioni walimwona Nixon mshindi, ilhali waliotazama runingani walimchagua Kennedy. Hadithi hii ni tamu, lakini msingi wake ni mwembamba. Kura ya maoni inayotegemewa iliwahoji wasikilizaji wachache wa redio, na huenda wengi wao walikuwa wa maeneo ya mashambani ambako Nixon alipendwa tangu awali. Ukiutumia mfano huu, andika "inasimuliwa kwamba", usiandike "ilithibitishwa kwamba". Tofauti hiyo ndogo humwonyesha mtahini kwamba unapima ushahidi.

Kenya, 2013

Mdahalo wa kwanza wa urais nchini Kenya ulifanyika tarehe 11 Februari 2013 katika shule ya Brookhouse, Nairobi, na wa pili tarehe 25 mwezi huohuo. Wagombea wote wanane walisimama jukwaani. (Usikariri majina yote manane. Mtahini hapimi kumbukumbu yako ya karatasi ya kura.)

Usiku wa kwanza, Uhuru Kenyatta aliulizwa kuhusu kesi iliyomkabili katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Raila Odinga akasema kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Kenyatta naye akaieleza kesi hiyo kuwa changamoto ya kibinafsi ambayo haingemzuia kufanya kazi. Mengi yalisemwa usiku huo kuhusu ukabila, elimu na afya, lakini waulize waliotazama wanakumbuka nini: wengi watakutajia Skype. Kauli fupi yenye picha hukaa kichwani kuliko sera yenye takwimu kumi. Je, iliyokaa kichwani ndiyo iliyoshinda? Wafuasi wa Odinga waliisikia kama pigo la bingwa. Wafuasi wa Kenyatta waliisikia kama kejeli, wakamsifu wao kwa utulivu. Maneno yalikuwa yaleyale. Shabiki wa Gor Mahia na shabiki wa AFC Leopards hawaioni penalti moja kwa jicho moja, na mtazamaji wa mdahalo huja sebuleni akiwa tayari amevaa jezi.

Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Mohamed Abduba Dida. Alikuwa mwalimu, na kabla ya usiku ule Wakenya wengi hawakuwa wamesikia jina lake. Alizungumza kwa mifano ya kawaida na ucheshi, na watazamaji wakampenda. Hapa kigezo ni matarajio: asiyetarajiwa kitu akisema jambo moja la maana hupongezwa, ilhali kigogo akisema kumi huonekana ametimiza wajibu tu. Uchaguzi ulipofanyika tarehe 4 Machi, Dida alipata kura 52,848, chini ya asilimia 1. Hata hivyo alikuwa wa tano, mbele ya Martha Karua aliyewahi kuwa waziri. Kwa hivyo kupendwa jukwaani hakukumpa urais, lakini huenda kulimpa nafasi ambayo hangeipata vinginevyo. Mfano mmoja unakupa hoja ya kuunga na ya kupinga.

Kumbuka pia suala la lugha. Midahalo hiyo iliendeshwa kwa Kiingereza. Mtazamaji asiyekimudu vyema alitegemea sauti na nyuso, kisha akangoja redio na mazungumzo ya kwenye matatu asubuhi yake.

Asubuhi ya pili

Hukumu ya watazamaji inaweza kubadilika baada ya mdahalo kwisha. Tarehe 6 Oktoba 1976, Rais Gerald Ford wa Marekani alidai kwamba Ulaya Mashariki haikuwa chini ya utawala wa Wasovieti. Usiku huo, wengi waliohojiwa walisema alikuwa amefanya vyema. Vyombo vya habari vikairudia kauli hiyo mchana kutwa, na kufikia jioni iliyofuata walio wengi walisema mpinzani wake, Jimmy Carter, ndiye aliyeshinda. Walikuwa wametazama mdahalo uleule. Kilichobadilika ni kile walichoambiwa kwamba kilikuwa na uzito.

Jukwaa tupu

Tarehe 24 Julai 2017 Kenyatta hakufika, Odinga akajibu maswali peke yake. Tarehe 26 Julai 2022 Odinga ndiye hakufika, na William Ruto akabaki peke yake. Mwaka 2017 aliyesusia alitangazwa mshindi wa uchaguzi, ingawa Mahakama ya Juu ilifuta matokeo hayo na uchaguzi ukarudiwa. Mwaka 2022 aliyefika ndiye aliyeshinda. Ukiandika "anayesusia mdahalo hushindwa", mtahini ana mfano wa kukupinga. Ukiandika kinyume chake, anao pia.

Aya ya mfano

"Ni kweli kwamba hoja nzito humsaidia mgombea, hasa mbele ya mtazamaji ambaye bado hajaamua. Hata hivyo, mtazamaji huyo hapimi hoja pekee. Katika mdahalo wa mwaka 2013, kauli kuhusu Skype ilikumbukwa kuliko mipango ya afya iliyojadiliwa usiku huohuo, tena kila upande uliitafsiri kwa manufaa yake. Hii inaonyesha kwamba msimamo alio nao mtazamaji kabla ya mdahalo huathiri anachokiita ushindi."

Tazama mpangilio wake: unakubali, unageuza, unatoa mfano wenye mwaka, unaufafanua. Watahiniwa wengi hufikia mfano wakaacha hapo. Sentensi ya ufafanuzi ndiyo yenye alama.

Kosa jingine la kuepuka ni kuugeuza mtihani kuwa kampeni. Mtahini hataki kujua ungempigia nani kura. Ukijikuta umeandika "sisi" na "wao", futa.

Zoezi

1. Tofautisha mdahalo wa shuleni na mdahalo wa urais kwa kuzingatia namna mshindi anavyopatikana. (Alama 4)
2. Eleza jinsi viziada lugha vinne vinavyoweza kumjenga au kumbomoa mgombea runingani. (Alama 8)
3. Tazama mdahalo wowote pamoja na wenzako watatu. Kabla haujaanza, kila mmoja aandike kwa siri anayemtarajia kushinda. Ukiisha, kila mmoja aandike aliyeshinda na sababu moja, bila kushauriana. Linganisheni karatasi, kisha uandike ripoti ya matokeo. (Alama 20)
4. Rudia swali la mwanzo wa somo hili kwa insha isiyopungua maneno 400.