Upepo Ukitulia, Mawimbi Bado: Somo kwa Wavuvi wa Migori na Homa Bay

Kwa nini Ziwa Victoria huendelea kuchafuka hata upepo ukishatulia? Ukubwa wa mawimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda unaovuma na umbali wa maji wazi unaopitia. Ndiyo maana upepo wa magharibi huinua mawimbi makubwa zaidi Muhuru na Karungu, ambako ufuo unatazama ziwa wazi, kuliko ndani ya Ghuba ya Winam, iliyozungukwa na nchi kavu.

Watabiri huingiza mambo hayo kwenye kompyuta ili kukadiria urefu wa mawimbi. Ugumu huja upepo unapobadilika ghafla, kama usiku wa kuvua omena mawingu ya radi yanapojikusanya juu ya ziwa. Mawimbi hayageuki papo hapo. Ya awali huendelea na mwendo wake, mapya huyakata kutoka upande mwingine, na mashua iliyo katikati huweza kupinduka.

Kwa hivyo, sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Anga kabla ya kutoka. Vaa jaketi la kuokoa maisha. Ukiona radi, rudi ufuoni mapema. Na upepo ukitulia, usikimbilie majini. Ngoja mawimbi nayo yatulie.